Kuhifadhi mahindi kwenye mifuko ya kinga njaa bila dawa, fanya hivi

Kila mwezi wa saba ukienda vijijini utakuta mtu anauza mahindi kwa bei ya kutupa, ukimuuliza anakwambia bora niyauze kabla Scania hawajaniwahi, halafu mwezi wa pili huyohuyo anayanunua dukani kwa kilo na bei imeshapaa. Scania ndo yule dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akishazoea ghala lako unabaki na vumbi.

Mifuko ya PICS, wengi tunaita kinga njaa, inamaliza hii ishu bila kumwagia chakula dawa. Ina matabaka matatu, nailoni mbili nzito ndani na salfeti nje. Wadudu waliomo wanamaliza hewa, wanaacha kula, wanakufa. Ndo siri yote, kwa hiyo ukiacha tundu umetupa hela.

Kazi kubwa ni kukausha na hapa ndo wengi tunaharibu. Anika kwenye turubai, sio kwenye udongo, na usiamini kung'ata kwa meno tu. Chukua chupa ya glasi kavu, tia chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, weka mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja kisha acha robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa rudisha mahindi juani, ikibaki chini yamekauka. Usichukulie poa hii, unyevu ukifungiwa mle hauna pa kutokea, mahindi yanaota ukungu, na ukungu ndo unaleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016.

Pepeta, toa vigunzi na vijiti maana vinatoboa. Puliza nailoni kama puto, ibane, sikiliza kama inavuja. Jaza huku unashindilia, bakiza shingo ndefu, kamua hewa kwa mikono, sokota shingo mpaka iwe ngumu kama kamba, ikunje, funga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Kisha nailoni ya pili hivyohivyo, salfeti mwisho. Kila tabaka na mpira wake, sio yote matatu kwa kamba moja kama nilivyoona jirani kafanya.

Panga juu ya mbao, mbali na ukuta. Mimi mwaka wa kwanza niliegemeza ukutani, panya akatoboa kona tu, kitundu cha kidole, baada ya miezi miwili ukiweka sikio kwenye mfuko unasikia wadudu wanatafuna krrr krrr mle ndani.

Halafu usifunguefungue. Ya kula tenga mfuko wake, ya kuuza yasiguswe mpaka bei ikae vizuri. Mfuko ukiisha usitupe, kagua tena kwa kupuliza, kama hauvuji unatumika msimu ujao, uliochanika wekea pumba za kuku.