Somo: Kufuatilia Asili ya Jina la Kennedy, Uskoti au Ayalandi

Wapo akina Kennedy wa Tipperary na Clare, huko Ayalandi, wanaojihesabu kuwa uzao wa Ó Cinnéide, jamaa ya Brian Boru, mfalme wa kale wa Ayalandi. Wapo pia wa Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti, ambao wakuu wao walipewa cheo cha kikabaila cha Earl wa Cassillis mwaka 1509. Jina peke yake, basi, halithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni parokia walikotoka wazee wako.

Hatua ya kwanza. Anza na wazazi wako, urudi nyuma kizazi kimoja baada ya kingine, na usivuke bahari kabla hujapata jina la kijiji au parokia.

Hatua ya pili ni Uskoti, hata kama unaamini kuwa wazee wako walitoka Ayalandi. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza huko tarehe 1 Januari 1855, na cheti cha kifo hutaja wazazi wote wawili wa marehemu, pamoja na ubini wa mama kabla ya kuolewa. Vyeti vya mwaka 1855 wenyewe ni hazina: vinataja hata mahali alipozaliwa marehemu na majina ya watoto wake. Kwa kuwa vyeti vya vifo vya Ayalandi havikuwataja wazazi, Mwairishi aliyefia Glasgow, mji wa Uskoti, mara nyingi hufuatilika kwa urahisi kuliko nduguye aliyebaki nyumbani. Nakala hupatikana kwa malipo kwenye tovuti ya ScotlandsPeople.

Hatua ya tatu ni Ayalandi, na hapa pana pengo kubwa. Moto wa Juni 1922 mjini Dublin uliteketeza sensa za 1821 hadi 1851, isipokuwa vipande vichache. Tumia sensa za 1901 na 1911, zinazosomwa bure mtandaoni. Usajili wa serikali, ulioanza kwa wote mwaka 1864. Na makadirio ya Griffith ya 1847 hadi 1864, yaani ukadiriaji wa thamani ya mali kwa ajili ya kodi, yanayoorodhesha wapangaji wa ardhi na nyumba kijiji kwa kijiji.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, babu wa mume wangu alizaliwa Antrim, naye alikuwa Mpresbiteri. Tumhesabu wapi?
Jibu: Dada, elekea kwanza Ayrshire, kwani Waskoti wengi, wengi wao Wapresbiteri, walihamia Ulster, yaani kaskazini mwa Ayalandi iliko Antrim, katika karne ya 17. Dini ni dalili tu. Ithibitishe kwa madaftari ya ubatizo.

Swali: Wetu waliandikwa O'Kennedy, kisha Kennedy. Je, ni koo mbili?
Jibu: La, ndugu. Waairishi wengi waliiacha O', yenye maana ya "mzao wa", chini ya utawala wa Kiingereza, na baadhi wakairudisha baadaye. Tafuta kwa tahajia zote.

Swali: Je, kipimo cha DNA kinafaa?
Jibu: Kipimo cha kromosomu Y kinafaa, kwa sababu hurithiwa na mwana kutoka kwa baba kama jina lenyewe. Mwanamke amwombe kaka yake au baba mdogo apime.