Mteja akisema "nakata rufaa": siku kumi za wakili wa utetezi

Hukumu ikishasomwa, mteja hushushwa mahabusu na ndugu zake hukuzunguka koridoni. Nenda kwanza kwa mteja. Kwa kesi ya jinai iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hapa Tanzania, taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na hati ya rufaa, yenye sababu za rufaa, ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani) hazihesabiwi kwenye zile 45. Zile 10 hazimsubiri mtu. Kesi iliyosikilizwa Mahakama Kuu, kama ya mauaji, taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani ina siku 30.

Uamuzi wa kukata rufaa ni wa mteja mwenyewe. Shemeji anayelipa ada hana kauli hapo, hata akipiga simu usiku. Mteja akisema ndiyo, andika taarifa hata kama unaona rufaa ni dhaifu: ni karatasi moja, na rufaa inaweza kuondolewa baadaye. Akisema hapana, mwandikie umemweleza nini, aweke sahihi au dole gumba. Siku hiyohiyo omba nakala kwa barua na utunze uthibitisho wa kupokelewa, maana ndio utakaoonyesha siku zipi zitolewe kwenye zile 45.

Ushauri wa kweli unakuja sasa, na hapa ndipo wengi huteleza kwa kuogopa kumvunja moyo mteja. Mambo mawili usiyafiche.

La kwanza, kama alikiri kosa, rufaa yake kwa kawaida inagusa adhabu tu: ukubwa wake au uhalali wake. Kuipinga hatia yenyewe kuna milango michache iliyotajwa kwenye kesi ya Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri [1983] TLR 166 (ripoti za kesi za Tanzania): kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, alikiri kwa kutoelewa, shtaka halikuonyesha kosa, au maelezo aliyoyakubali hayatoshi kisheria kumtia hatiani.

La pili, adhabu inaweza kupanda. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kima cha chini cha miaka 30. Hakimu aliyekosea akampa 15, rufaa yako ndiyo itakayolifunua kosa hilo. Mwenendo ukifutwa pia, kesi inaweza kuamriwa isikilizwe upya, ingawa tangu kesi ya Fatehali Manji [1966] EA 343 (ripoti za kesi za Afrika Mashariki) haifanywi hivyo ili Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, izibe mapengo ya ushahidi wake. Mteja asikie haya kabla ya kuamua kuendelea, kwa lugha anayoielewa. Dhamana wakati rufaa inasubiriwa huombwa, haiji yenyewe, usiiahidi.

Sababu za rufaa zitoke kwenye kumbukumbu za kesi. Usibuni madai ambayo mwenendo hauyaonyeshi, lakini usiache hoja ya ushahidi ukidhani utaileta juu: Mahakama ya Rufani kwa kawaida haisikilizi hoja ambayo haikutolewa Mahakama Kuu, isipokuwa iwe ya kisheria.

Kuna rufaa usiyopaswa kuibeba, ile ambayo sababu yake nzito ni wewe: hukumwita shahidi, hukupinga kielelezo. Huwezi kuushambulia utendaji wako na kuulinda papo hapo. Vivyo hivyo washtakiwa wawili uliowatetea pamoja, mmoja sasa akimtupia mwenzake lawama. Mweleze mteja, toa taarifa kwanza ili muda usimpite, kisha kabidhi jalada lote kwa wakili mpya. Siri alizokuambia zinabaki siri.

Akikosa wakili, mweleze kwamba mfungwa anaweza kupitisha rufaa yake kwa Mkuu wa Gereza, na umwachie tarehe ya hukumu na tarehe za mwisho kwenye karatasi. Muda ukishapita, maombi ya kuongezewa yanataka sababu nzuri na maelezo ya kila siku ya kuchelewa. Uzembe wa wakili, kwa kawaida, si sababu ya kutosha, na siku hizo atazitumikia yeye gerezani.