Umekatwa hela ya ziada kwa kulipa na kadi Uingereza? Idai

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, tangu tarehe 13 Januari 2018 kampuni hairuhusiwi kukuongezea hata peni moja eti kwa sababu umelipa na kadi yako binafsi, iwe ya debiti au ya kredit, na PayPal pia imo humo humo, ila kadi yenyewe iwe ya benki ya huko Uingereza.

Sasa wajanja wanaiita ada ya bukingi, yaani ya kuweka nafasi. Ada inayotozwa kila mtu bila kujali analipaje ni halali, na hapo ndo wanapojificha, kwa hiyo kabla hujabonyeza kulipa badilisha njia ya malipo uone, bei ikishuka ukichagua kulipa kutoka benki moja kwa moja basi hiyo ni ada ya kadi tu, piga skrinshoti zote mbili na risiti usiitupe.

Kadi ya biashara wanaweza kukata, ila isizidi gharama yao halisi. Na duka kusema kadi ni kuanzia pauni 5 inaruhusiwa, inaudhi lakini ndo ivo.

Halafu waandikie imeili, taja kiasi na tarehe, waambie sheria inawataka wakurudishie ada yote. Usione aibu hata kama ni pauni 2, wanategemea watu wanyamaze. Wakigoma wapigie Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, hao ndo wanaofikisha taarifa Trading Standards, yaani maafisa wa halmashauri wanaosimamia sheria za biashara, na Trading Standards wana nguvu ya kuwachukulia hatua.