Jinsi ya Kuchunguza Sifa za Namba 4,294,967,297

Anayepewa namba nzima yenye tarakimu kumi na kutakiwa aeleze sifa zake mara nyingi hukimbilia kugawanya, ilhali kazi hupungua sana akitazama kwanza namba yenyewe imeundwaje. Tuchukue 4,294,967,297.

Anza na vipimo vyepesi. Tarakimu ya mwisho ni 7, kwa hiyo namba ni witiri na haigawanyiki kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, ambayo haigawanyiki kwa 3. Kwa 7, 11 na 13 kipimo kimoja hutosha: igawe namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha utoe na kujumlisha kwa kupokezana, yaani 297 − 967 + 294 − 4, upate −380. Kwa kuwa 380 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu, namba yetu pia haigawanyiki.

Je, ni namba tasa? Kwa njia ya kawaida ungejaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho ni 65,536 na chembe, nazo ni namba tasa 6,542. Hakuna haja. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kwamba namba za mfululizo huu, ambamo kipeo cha 2 huanza na 1 na kuongezeka maradufu kila mara, yaani 3, 5, 17, 257, 65,537 na zinazofuata, zote ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa hii, ya sita, siyo. Baadaye, mwaka 1878, Édouard Lucas alithibitisha kanuni ambayo kwa namba yetu ina maana kwamba kila kigawo tasa chake, kikigawanywa kwa 128, lazima kibakize 1. Namba tasa za kwanza za namna hiyo ni 257, ambayo ukiigawanya namba yetu kwayo inabaki 2, kisha 641.

Kuijaribu 641 hakuhitaji kikokotoo. Zidisha 256 kwa 256 upate 65,536, yaani 2 kwa kipeo cha 16. Ukigawanya kwa 641, baki ni 154. Zidisha 154 kwa 154 upate 23,716, ambayo ikigawanywa kwa 641 hubakiza 640. Hilo ndilo baki la 2 kwa kipeo cha 32. Ongeza ile 1, nalo linakuwa 641 kamili, maana yake hakuna kinachobaki.

Ukigawanya sasa utapata 6,700,417. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, kwa hiyo zimebaki namba nne tu za kujaribu: 641 tena, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki ni 44, 120, 334 na 622, hivyo 6,700,417 ni tasa.

Vigawo vyote basi ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Jumla yake hupatikana kwa kuzidisha 642 kwa 6,700,418, nayo ni 4,301,668,356.