Namna ya kuweka PS2 barazani watu wote wakacheza

Mimi PS2, yani PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony, naipenda mpaka leo kuliko mashine zote zilokuja baada yake, na sio kwa ajili ya picha, picha zake za kizamani kila mtu anajua. Naipenda mana inakusanya watu. Wawili wana pedi za kuchezea mkononi, sita wapo nyuma wanapiga kelele, mmoja ananung'unika zamu yake imerukwa, yani raha. Huku kwetu Unguja na Pemba baraza tunazo na keram, bao na dhumna tumezikuta, na gemu ukiiweka kwa utaratibu ule ule wa keram inakaa vizuri kabisa. Basi ukitaka kuweka moja nyumbani au maskani fanya hivi.

Kwanza mashine yenyewe. PS2 ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000 na zimeuzwa zaidi ya milioni 150 dunia nzima, kwa hivyo ukizunguka kwenye maduka ya mtumba huikosi. Ukiishika tu igeuze usome kibandiko, usione haya, muuzaji akikuharakisha mwambie ngoja yakhe nasoma. Namba inaanza na SCPH halafu tazama tarakimu mbili za mwisho, 00 ni ya Japani, 01 Marekani, 03 Uingereza, 04 Ulaya. Halafu tafuta volti. Hapa ndo pesa za watu zinapopotelea, mana Japani umeme wao ni volti 100 na sisi ukutani tuna 230, kijana wa jirani kaletewa zawadi ya Japani kaichomeka kwa furaha zake, moshi ukatoka kabla hata sidii haijaingia. Kama kibandiko kimeandikwa 100 peke yake unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na ukipiga hesabu ya transfoma bora uchukue ya Ulaya tu. Ile nyembamba yenye adapta ya nje soma kwenye adapta.

Jambo jengine la ya Japani ni vitufe, kwao duara ndo kukubali na X ndo kurudi nyuma, kinyume na tulivozoea, mtu anabonyeza X kuanza mechi anajikuta karudi mwanzo anadhani pedi mbovu. Pedi nzima ile. Na sidii za Ulaya haisomi mpaka fundi aifungue.

TV tafuta chogo, ile nene ya kizamani. Wallahi msizitupe chogo jamani! Flat nyingi zinachelewesha picha kidogo, unapiga shuti mpira unaondoka baadae, na kwenye gemu ya mpira kidogo hicho ndo goli. Kama nyumbani kuna flat tu ingia kwenye setingi zake za picha utafute hali ya gemu uiwashe, inasaidia.

Usiiweke chini kwenye mkeka, vumbi la huku lina chumvi ya bahari na linaingia moja kwa moja kwenye feni. Weka juu ya meza, nyuma pabaki wazi, kanga ya kufunikia ni wakati imezimwa na imepoa. Ikianza kukataa sidii kabla hujaenda kwa fundi safisha lenzi kwa pamba na spiriti kidogo, taratibu, usisugue.

Umeme ukikatika chomoa plagi, usingoje. Unaporudi mara nyingi unakuja na kishindo na kishindo hicho ndo kinachoua mashine, uache utulie kwanza ndo uchomeke. Na mtu akiwa anasevu asiguse chochote, umeme ukikatika katikati ya kusevu faili linaweza kuharibika ligi yote ikapotea.

Sasa watu, na hapa ndo nnapopajali zaidi. Mechi iwe fupi, dakika tano zinatosha kama mko wengi. Aloshinda anabaki, alofungwa anatoka, lakini mtu akishinda tatu mfululizo na yeye anyanyuke, la sivyo yule bingwa wa mtaa atakaa na pedi mpaka alfajiri na wengine wataacha kuja. Zamu ziandikwe kwenye karatasi, mdomo unasahau.

Watoto wadogo wapewe zamu ya kweli. Kuna mchezo wa kumpa mtoto pedi isochomekwa aamini anacheza, mimi siupendi hata kidogo, siku anagundua unaona uso wake unavobadilika na anaiweka pedi chini polepole. Mpe mechi moja, acheze na mtoto mwenzake, afungwe goli saba, kesho atakuja anajua pasi. Na dada zetu vile vile, wapo wanaojua mpira huo kuliko sisi ila hakuna aliewahi kuwaambia kaa hapa zamu yako, basi waambie.

Pesa msiwekeane. Hata ya soda. Ikishaingia pesa ni kamari, wazee watafunga na watakuwa na haki, na isitoshe ugomvi hauishi. Adhana ikipigwa bonyeza Start mechi isimame. Wakati wa chuo cha Kurani na wakati wa skuli mashine izimwe, hili likishikwa hutomsikia bi mkubwa akilalamika. Ramadhani muda mzuri ni baada ya tarawehe, hapo watu wamekula wametulia, na sauti iwe ndogo mana kuna majirani wamelala wanangojea daku.

Najua wengi siku hizi mpira mnacheza kwenye simu. PES yenyewe, ile gemu ya mpira, tangu 2021 imekuwa eFootball, ya bure, na mwenzake FIFA jina lilikwisha na FIFA 23, sasa inaitwa EA Sports FC. Nzuri, sikatai, ila bando linakwenda na kila mtu kainamia simu yake, mtu anafungwa hata hujui kafungwa.

Mwisho memori kadi, ile ya kusevia. Ya Sony yenyewe ina MB 8 tu na zote zinafanana, kwa hivyo kila mwenye yake aandike jina kwa maka peni, na jioni ikiisha kila mtu aondoke na yake mfukoni.