Dhamana kwenye kesi ya kughushi: tafuta wadhamini kabla hujaripoti kituoni

Mpelelezi akikupigia simu na kusema "njoo, kuna maelezo tunayahitaji kuhusu ile hati ya kiwanja", swali la kwanza kwa wengi hapa Dodoma ni kama mahakama inaweza kukupa dhamana kabla hujakamatwa. Kenya inawezekana, Mahakama Kuu huitoa. India imeandikwa kabisa kwenye sheria yao. Kwetu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, imeweka dhamana ya polisi na dhamana ya mahakama, na zote unaziomba ukiwa tayari umeshikiliwa. Cha kuwahi ni wadhamini.

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa. Tafuta wawili, wakazi wanaojulikana. Kila mmoja awe na kitambulisho cha NIDA, picha ndogo na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji anakoishi. Mtumishi aongeze barua ya mwajiri. Kisha kaa nao mezani mlinganishe majina herufi kwa herufi. Nimemwona mzee aliyetoka Bahi alfajiri akirudishwa na karani kwa sababu barua ilisema Saidi na kitambulisho kinasema Said. Kijana wake alilala mahabusu usiku mwingine kwa herufi moja. Inauma.

Ukishawapata, usizime simu wala kuhama mji. Wakili akuombee siku ya kuripoti, nenda mwenyewe, asubuhi, na isiwe Ijumaa: dhamana ya polisi ikikwama, mahakama hazikai Jumamosi na Jumapili. Asiye na uwezo wa wakili atafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili yake.

Kituoni, mahojiano ya kawaida ni saa 4, yanaweza kuongezwa. Una haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Omba dhamana pale pale, kwa mkuu wa kituo. Dhamana ni bure, anayekudai hela ya kukutoa hakudai kihalali. Usipopewa, sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema inavyowezekana.

Kesi nyingi za namna hii mjini ni za viwanja: ofa za kugawiwa viwanja na barua za enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa 2017, zinazouzwa mara mbili. Uchunguzi wa saini huchukua muda, na utasikia "upelelezi haujakamilika" mara nyingi. Ndiyo maana dhamana ni muhimu kuliko mtu anavyodhani siku ya kwanza.

Mahakamani, sikiliza hati ya mashtaka inaposomwa. Kughushi peke yake kuna dhamana. Lakini likiongezwa kosa la utakatishaji fedha, dhamana haipo, na wakili wako ashughulike na shtaka hilo kwanza. Kesi ikihusu mali au fedha ya thamani kubwa, unaweza kutakiwa kuweka nusu ya thamani, taslimu au kwa hati ya mali, na nusu nyingine kusainiwa bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa usipofika. Hati hiyo iwe halisi na isiyo na mgogoro. Usithubutu kupeleka karatasi ya kuazima kwenye kesi ya kughushi!

Ukinyimwa, au masharti yakiwa mazito kupita uwezo wako, wakili apeleke maombi na hati ya kiapo Mahakama Kuu, Kanda ya Dodoma, ambayo inaweza kukupa dhamana au kupunguza kiasi.

Ukitoka, andika tarehe ya kesi kutajwa tena mahakamani mahali wanapoiona na wenzako nyumbani. Usipofika, hati ya kukukamata inatolewa na wadhamini wanaitwa waeleze kwa nini wasilipe. Na kama sharti lako ni kutotoka mkoani, hata msiba ukitokea Singida, omba kibali cha mahakama kabla ya kupanda basi.