Mvinyo mwekundu wa mapovu na kuku wa kienyeji

Shemeji yangu alipotoka Nakuru kuja kututembelea hapa Kisumu, nilimwandalia kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi na osuga, yaani mboga ya mnavu. Pembeni nikaweka chupa ya Lambrusco, mvinyo mwekundu wa mapovu, niliyoichukua dukani kwa kupenda rangi yake tu. Akaonja, akacheka: "Dada, hii si soda ya zabibu?" Hakukosea. Chupa ilikuwa imeandikwa dolce, nami sikuwa nimesoma.

Kwa hiyo anza na lebo. Lambrusco hutoka Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia. Ukiona secco, haina utamu. Amabile ina utamu kiasi. Dolce ni tamu kabisa. Kuku wa kienyeji mwenye mafuta yanayoelea juu ya mchuzi anataka secco. Ukali wake na yale mapovu husafisha ulimi, kama vile ungekamulia ndimu. Ukimwaga pilipili nyingi, chukua amabile, maana utamu kidogo hutuliza moto.

Kisha tazama jina la zabibu. Grasparossa ni nzito, rangi yake ni ya zambarau iliyoiva, na ina ule ukakasi wa ndizi mbichi. Hiyo nawekea aliya, nyama yetu iliyokaushwa, yenye chumvi. Lakini usithubutu kuinywa na samaki! Utahisi umelamba kijiko cha chuma. Kwa ngege (tilapia) wa kukaanga tafuta Sorbara, ambayo ni nyepesi, karibu ya waridi, na uchachu wake unapendeza. Nje ya Lambrusco, Shiraz ya mapovu ya Australia ni ya nyama choma. Brachetto d'Acqui kutoka Piemonte ni tamu na kilevi chake ni kidogo. Nasubiri keki ndipo niifungue.

Joto la Kisumu halifai kwa chupa hizi. Iweke kwenye friji kama saa moja na nusu. Ikiwa vuguvugu, itakurukia, na mimi kitambaa cha meza cha mama mkwe bado kina doa. Ikiwa kizibo kimefungwa kwa waya, kishike kwa taulo, kisha zungusha chupa polepole badala ya kukivuta.

Usiiweke miaka mingi ukidhani itazidi kuwa nzuri. Nyingi hunywewa zikiwa changa. Nusu ikibaki, mapovu huisha upesi, nami keshoye huimimina kwenye mchuzi wa nyama.